Mgonjwa wa Jumatatu, Mzima wa Alhamisi

Lukasi Senyagwa alikuwa fundi matairi pale Mikumi kwa miaka kumi na tisa, katika gereji iliyokuwa kando ya barabara kuu, upande yanakoegeshwa malori yanayoshuka kutoka Iringa. Mwenye gereji aliitwa Frank. Huyu Frank wakaguzi walimtia msukosuko mwaka mmoja, na tangu siku hiyo akawa anaiogopa serikali kuliko anavyomwogopa Mungu. Kila mwezi alipeleka michango ya mafundi wake wote wanne, kwenye mfuko wa akiba na kwenye mfuko wa fidia, bila kukosa. Mafundi wa gereji za jirani waliwacheka. Walisema mchango wa fidia ni kama kununua sanda ukiwa mzima.

Mwezi wa tatu, siku ya mvua, lilikuja lori la saruji lenye tairi la nyuma limelala. Lukasi akalitoa, akaziba, akalirudisha kwenye ringi, akaanza kulijaza upepo. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara elfu. Ile pete ya chuma inayofungia tairi haikuwa imekaa sawasawa, ikachomoka kwa kishindo kilichowatoa watu mahotelini. Ilimkuta mkono wa kulia. Ukavunjika mahali pawili, juu ya kiwiko na kwenye kifundo.

Walimkimbiza hospitali ya Kilosa. Akafungwa hogo, plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi begani, na daktari akaandika kwamba asifanye kazi yoyote mpaka atakapopimwa tena.

Wiki tatu baadaye Frank alikuja kumtazama nyumbani akiwa na kreti ya soda na bahasha. Mwenye kiwanja alikuwa amekiuza kwa watu wa kituo cha mafuta, gereji inafungwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi, imepigwa muhuri vizuri.

"Nisamehe, Lukasi," Frank alisema, na akalia kweli, machozi yakadondokea kwenye soda. Lukasi ndiye aliyembembeleza, kwa mkono wa kushoto.

Hivyo ndani ya mwezi mmoja alipoteza mkono na kazi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzee wa kanisa katika mtaa wao, na mtu ambaye hata wenye malori waliokuwa wakimkorofisha walikubali kwamba hajawahi kumwambia mtu tairi limekufa ilhali linazibika.

Mkewe, Lea, alikuwa na kaka yake mwenye steshenari Kilosa mjini, karibu na stesheni. Aliitwa Bonifas. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, lakini riziki yake hasa ilitokana na kuandikia watu barua. Migogoro ya ardhi ya kijiji cha Rudewa ilikuwa shamba lake. Mkulima alikuja asubuhi kulalamikia ng'ombe walioingia kwenye mahindi, Bonifas akamwandikia barua ya kutoa machozi. Mchana akaja mfugaji kulalamikia mahindi yaliyopandwa kwenye njia ya ng'ombe, naye akaandikiwa ya kutoa machozi zaidi. Mara nyingine shamba lilikuwa hilo hilo moja. Bonifas hakuona ubaya. Alisema yeye hauzi ukweli, anauza mwandiko.

Lea ndiye aliyesema, "Twende kwa kaka. Yeye anajua makaratasi."

Bonifas alimpokea shemeji yake kwa heshima, akafuta kiti vumbi, akatoa fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mfuko wa fidia.

"Shemeji, kwa hali yako sasa, unaweza kufanya kazi?"

"Siwezi. Si unaona hogo?"

"Safi kabisa." Akaandika. Ukurasa kwa ukurasa, wakamaliza. Lukasi akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, sahihi iliyofanana na njia ya konokono.

Bonifas akavuta fomu ya pili. Hii ilikuwa ya mfuko wa akiba, ya fao la kukosa ajira. "Shemeji, uko tayari kufanya kazi, na unaweza kuifanya, endapo itapatikana?"

Lukasi akamtazama. "Si umeshaniuliza?"

"Lile lilikuwa swali la fomu ile. Hii ni nyingine, na ofisi nyingine."

"Matairi siwezi. Ila kazi ya kukaa, ya kuandika majina getini labda, wakinipa nitafanya."

"Basi unaweza."

"Naweza, lakini..."

"Shemeji, hapa pana ndiyo na hapana. Pa lakini hawakupaweka."

Lukasi aliishika kalamu. Mashine ya kopi ilikuwa inanguruma nyuma yake. Kisha akatia ile sahihi ya konokono mara ya pili, chini ya neno ndiyo, kwa kalamu ile ile.

Fedha zilianza kuja, kwanza za mfuko mmoja, halafu za mwingine. Zikijumlishwa zilizidi kidogo mshahara aliokuwa akilipwa na Frank. Lea aliezeka jiko kwa bati. Jumapili wakaanza kula nyama. Lukasi aliitafuna polepole, akasema, "Mama Neema, miaka yote niliyofanya kazi tulikula mlenda. Nimevunjika ndiyo tunakula nyama."

"Kula, Baba Neema," Lea alimjibu. "Mlenda bado upo, haujaondoka duniani."

Kazi haikuwa kupokea. Kazi ilikuwa kujibu simu. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alipiga kijana wa mfuko wa fidia, Samwel, mwenye adabu sana. "Shikamoo mzee. Unaendeleaje na mkono?" Na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo alipiga mama mmoja wa ofisi ya kukosa ajira, Agatha, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. "Bwana Lukasi, bado unatafuta kazi? Bado una nguvu?"

Bila kufundishwa na mtu, Lukasi alipata sauti mbili. Ya Jumatatu ilitoka chini, yenye pumzi nyingi katikati. Ya Alhamisi alisimama wima kuitoa, hata kama yuko peke yake chumbani. Mwanzoni Lea alikuwa akiziba mdomo kwa kanga asicheke. Simu za mwezi wa tatu hakuzicheka tena. Alikuwa akitoka nje simu ikiita.

Na kazi alitafuta kweli, hilo lazima lisemwe. Alizunguka nyumba za wageni zote za barabarani. Alienda mpaka kwenye hoteli ya watalii upande wa hifadhini kuuliza ulinzi wa geti. Kila mahali walimtazama mkono kwanza, uso baadaye. Bonifas alikuwa amemwagiza asirudi mikono mitupu, kila anayemkataa amwandikie na agonge muhuri, ili ofisi ijue kwamba anahangaika. Basi Lukasi akawa anaomba kazi, akinyimwa anaomba karatasi ya kunyimwa. Meneja wa hoteli ile alimwandikia kwa wino wa bluu: *Tumeshindwa kumwajiri kwa kuwa hawezi kazi yoyote kutokana na hali ya mkono wake.* Barua hiyo ikaenda kwa mama Agatha kama ushahidi kwamba Lukasi ni mtu wa kufanya kazi.

Hogo liliondolewa mwezi wa nne tangu aumie. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka kama mguu wa kuku. Daktari alimpa mazoezi, akamwambia arudi baada ya miezi miwili. Lukasi aliuning'iniza shingoni kwa kitambaa na akauacha huko. Hakujaribu kushika nao kitu. Jumatatu aliogopa asije akaweza. Alhamisi aliogopa asije akashindwa.

Mwezi wa tano tangu aumie ulipoingia, zikafika taarifa mbili kwenye simu, zimepishana siku moja. Samwel angefika nyumbani kumwona Jumatano, saa nne asubuhi. Mama Agatha naye angefika Jumatano hiyo hiyo, saa nane mchana.

Bonifas alikuja kutoka Kilosa Jumanne jioni na akapanga mambo kama mtu anayeandaa harusi. Asubuhi, Lukasi alale kitandani, amefunikwa kanga, dirisha limefungwa nusu. Saa sita aamke, aoge, avae shati la kanisani na viatu vyeusi. Saa nane mama Agatha amkute mlangoni, amesimama.

"Na kati ya hapo nifanye nini?" Lukasi aliuliza.

"Kati ya hapo ule, shemeji."

Lakini kutoka Morogoro, ziliko ofisi zote mbili, basi la asubuhi la kuaminika ni moja. Samwel na Agatha, ambao hawakuwa wakifahamiana, waliketi viti vya jirani. Walizungumza njia nzima. Walizungumzia bei ya mchele, walipopita hifadhini wakahesabu tembo, mama Agatha akampa kijana karanga. Hawakuulizana wanakwenda wapi. Waliposhuka Mikumi, mama akaona si busara kupoteza muda wa saa nne stendi, bora aende mapema amalize. Wakapanda bajaji moja ili wachangie nauli.

"Wapi?" dereva aliuliza.

"Kwa Lukasi, yule fundi matairi," Samwel alisema.

"Kwa Lukasi? Hata mimi," mama Agatha akasema.

Wakacheka. Halafu, bajaji ilipokwisha ondoka, wakaacha kucheka, kila mmoja akavuta faili lake karibu na kifua.

Lea alikuwa anachambua mchele uani alipowaona wanashuka. Aliingia ndani mbio, ungo mkononi.

"Wamekuja wote!"

"Wote nani?" Bonifas aliruka.

"Wa mgonjwa na wa mzima!"

Bonifas alimgeukia shemeji yake kitandani. "Lala!" Kisha akashika kichwa. "Hapana, simama! Vaa viatu!" Kisha, sauti za wageni zilipopiga hodi, "Lala, lala!"

Lukasi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kanga imemwangukia begani. Alimtazama Bonifas aliyekuwa anatoa jasho, akamtazama mkewe aliyekuwa ameukumbatia ungo na mchele unamwagika. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Akainuka, akatoka sebuleni hivyo hivyo, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Shikamoo mzee," Samwel akasema.

"Marahaba, mwanangu. Shikamoo dada."

"Marahaba," mama Agatha akajibu, macho yake yameshuka kwenye ule mguu usio na kiatu. "Keti, Bwana Lukasi."

Bonifas alitokea nyuma, akitabasamu meno yote. "Karibuni sana waheshimiwa. Mimi ni shemeji yake, nadhani kuna mkanganyiko mdogo wa ratiba, kama mmoja wenu angependa kwanza kupumzika pale nje kwenye..."

"Shemeji," Lukasi alisema, "leo nyamaza."

Kisha akawaambia. Hakuzunguka. Alisema amejaza fomu mbili siku moja, ya huyu akisema hawezi, ya huyu akisema anaweza, na kila mwezi amepokea kote kuwili. "Kijana, mimi ndiye mgonjwa wako wa Jumatatu. Dada, mimi ndiye mzima wako wa Alhamisi. Nimechoka."

Mafaili mawili yakafunguliwa juu ya meza moja. Sahihi zile mbili za konokono zikatazamana.

Samwel ndiye aliyeanza, kwa upole. "Mzee, hapa mama ana barua zako tisa za kunyimwa kazi. Mtu anayezunguka barabara nzima akiomba kazi, sisi hatuwezi kumwita mgonjwa. Mama, huyu ni wako."

"Wangu?" Mama Agatha akavua miwani. "Huoni mkono ule, mwanangu? Ameshindwa hata kuvaa kiatu. Na soma barua ya hoteli hii, imeandikwa hawezi kazi yoyote. Mimi nalipa watu wenye nguvu. Huyu ni wako kabisa."

"Lakini kwenye fomu yako amesema anaweza."

"Na kwenye yako amesema hawezi!"

Wakabishana. Kijana aliyekuja kuhakikisha kwamba Lukasi ni mgonjwa alitoa hoja nzito kwamba ni mzima. Mama aliyekuja kuhakikisha kwamba ni mzima aliapa kwamba ni mgonjwa. Bonifas alikaa kati akigeuza shingo huku na huku, kwa mara ya kwanza maishani akiwaona watu wawili wakishtakiana bila yeye kulipwa kuwaandikia barua. Lukasi alikaa kama tairi linalogombaniwa na mafundi, mmoja anasema linazibika, mwingine anasema la kutupa.

Lea akaleta chai. Akaweka birika mezani, akasimama.

"Mnamgombania kama hayupo," alisema. "Muulizeni mwenyewe. Mwambieni amimine chai."

Wote wakamtazama Lukasi. Akatoa mkono kwenye kitambaa. Ulichukua muda kunyooka. Akazungusha vidole kwenye mkono wa birika, akavikaza. Alikaza kweli. Mishipa ya shingo ilimtoka, na jasho likamshuka puani. Birika likainuka kidogo, kiasi cha unene wa kidole, likatetemeka, na vidole vikafunguka vyenyewe kama vya mtu mwingine. Chai ikamwagika juu ya meza, juu ya mafaili yote mawili.

Hakuna aliyeyaokoa. Lukasi alikuwa anautazama mkono wake.

"Kumbe," alisema, na ile haikuwa sauti ya Jumatatu wala ya Alhamisi. "Kumbe hauwezi. Mama Neema, mimi mwenyewe sikujua."

Lea akaja akaketi karibu naye, akaushika ule mkono. Samwel akatazama nje. Mama Agatha alitoa leso kwenye mkoba, akaanza kufuta fomu, polepole kupita ilivyohitajika.

Kabla hawajaondoka walikuwa wameelewana. Fao la kukosa ajira litasimama, na kilichokwisha lipwa huko kitarudishwa kidogo kidogo. Samwel atamwombea nafasi mbele ya jopo la madaktari Morogoro. "Ungeweza kutupa kazi ya mahakamani, Bwana Lukasi," mama Agatha alimwambia mlangoni, "ila umetusimulia kabla hatujakuuliza. Nitaliandika hilo." Akamgeukia Bonifas. "Na wewe, mwandiko wako kwenye fomu hizi ni mzuri sana. Nitautambua popote." Bonifas hakulala Mikumi siku ile. Alirudi Kilosa kwa gari la mkaa.

Madaktari walimpima mwezi uliofuata. Mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika siku ile ile ya ajali, na chini ya hogo nani angeuona. Wakaandika kwamba ni ulemavu wa kudumu wa sehemu ya mwili, na Lukasi akapangiwa malipo ya kila mwezi maisha yake yote. Yalikuwa kama theluthi ya yale aliyokuwa akipokea kwa ulimi wa pande mbili. Lea akarudia mlenda, jiko likabaki na bati lake.

Hapo mambo yangekwisha, kama si ofisi kuwa ofisi. Majuma mawili baada ya madaktari kusema Lukasi hatashika tena spana, ilimfikia barua kutoka upande wa kukosa ajira. Jina lake lilikuwa limesahaulika kwenye orodha ya wanaotafuta kazi. Barua ilimpongeza kwa kupatikana kwa nafasi ya kazi inayolingana kabisa na ujuzi wake, fundi matairi, katika yadi ya mabasi hapo hapo Mikumi. Afike Jumatatu.

"Itupe," Lea alisema.

"Mtu amekuandikia, unamjibu," Lukasi alisema. Akavaa viatu vyote viwili akaenda.

Msimamizi wa yadi aliitwa Yared, mtu mfupi, mwenye haraka. Lukasi alikuwa amekwisha fungua mdomo kumweleza kwamba kumetokea makosa, alipoona nyuma ya msimamizi fundi mmoja mtu mzima amechuchumaa mbele ya tairi la basi, uso kwenye ringi, kompresa inanguruma, na pete imekaa upande.

"Toka hapo!" Lukasi alinguruma. Sauti hiyo hakuwa nayo tangu siku ya ajali. "Zima upepo! Toka mbele ya ringi, wee!"

Fundi aliruka. Kompresa ikazimwa. Lukasi akapiga magoti, akaonyesha kwa kidole cha kushoto mahali pete ilipokaa vibaya. Yared akainama, akaona, akanyooka taratibu. Kisha akautazama mkono unaoning'inia, akaelewa elimu hiyo ilikotoka.

"Mzee," alimwambia, "sikuhitaji ushike spana. Nakuhitaji usimame hapa upige kelele hivyo hivyo kila siku. Nitakulipa."

Lukasi aliomba siku moja. Hakuwa anafikiria kazi. Alitoka nje ya yadi, akasimama chini ya ukuta, akampigia Samwel. Ilikuwa Jumatatu.

"Mwanangu, nimepata kazi. Halali, ya mshahara. Nimekupigia ili mkate yale malipo ya mkono kabla sijaanza."

"Hongera mzee! Lakini hatukati."

"Hamkati?"

"Yale ni ya mkono, mzee, si ya kukosa kazi. Mkono haujarudi. Fanya kazi yako, na huku utaendelea kulipwa."

"Kote kuwili?"

"Kote kuwili."

"Kwa mwezi mmoja?"

"Kila mwezi."

Lukasi alimwuliza mara tatu, kisha akamwomba amwandikie na agonge muhuri. Kijana alicheka, lakini aliandika.

Siku barua ilipofika, Bonifas alikuwa amekuja Mikumi kusalimia, mara ya kwanza tangu ile siku ya birika. Aliisoma akiwa amesimama. Aliigeuza akatazama nyuma, akaisoma tena.

"Mshahara na fidia," alisema. "Pamoja. Ofisi inajua."

"Inajua."

"Na fomu ulijaziwa na nani?"

"Hapakuwa na fomu, shemeji. Nilipiga simu."

Bonifas aliikunja barua kwa makini, akamrudishia, akaketi. Alionekana kama mtu aliyefiwa. Lea alimletea mlenda na ugali, na ikabidi amwambie mara mbili anawe.